Shaaban Robert: Karani aliyeipeleka nchi yake angani

MSAFIRI anayetoka Mombasa akielekea Nairobi hufika Kyumbi, mahali ambapo barabara ya Machakos huachana na barabara kuu. Hapo ana njia tatu tu: aendelee mbele, akate kona kwenda mjini Machakos, au arudi alikotoka. Katika Kusadikika, nchi iliyobuniwa na marehemu Shaaban Robert, njia zilikuwa sita. Wajumbe walitumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini, na kila mmoja aliporejea na habari njema alitiwa gerezani.

Kichekesho hicho si kidogo. Nchi inawatuma watu wake wakajifunze mema ya walimwengu. Wajumbe wanahatarisha maisha yao njiani, wanarudi na maarifa, kisha wakubwa wale wale wanawafunga kwa kosa la kuleta kile walichotumwa kukileta. Aliyekiandika kisa hicho hakuwa mwanasiasa wala mchochezi. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, mwenye meza, mafaili na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1951 kwa kampuni ya Nelson ya Uingereza, wakati bendera ya Mwingereza ingali ikipepea Tanga, Nairobi na Kampala.

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Asili ya wazee wake ilikuwa Uyao, lakini yeye alijiita Mswahili na hakuona haja ya kumwomba mtu radhi kwa hilo. Jina lake la pili limewatatiza wengi, kwa kuwa mwenye jina hilo la Robert alikuwa Mwislamu aliyeishi na kuzikwa katika dini yake.

Alipokuwa na umri wa miaka mitano, wakubwa wa dunia waliileta vita yao hadi mlangoni pa kwao. Novemba 1914 Waingereza walishusha majeshi Tanga kwa nia ya kuuteka mji, wakapigwa na Wajerumani na, kana kwamba hilo halikutosha, wakashambuliwa na nyuki. Miaka michache baadaye walioshindwa na nyuki ndio waliorithi nchi yote. Mtoto aliyekulia katika mji wenye historia ya namna hiyo hawezi kulaumiwa akija kuandika kwamba mambo ya serikali yana upande wake wa kuchekesha.

Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Katika mtihani wa kumaliza shule alishika nafasi ya pili kati ya watahiniwa 11. Kwa Mwafrika wa Tanganyika wa miaka hiyo, hicho kilikuwa karibu kilele cha elimu, na hakupata nafasi ya kuendelea mbele. Mengine yote aliyoyajua aliyapata kwa kusoma mwenyewe: Kurani na hadithi za Alfu Lela Ulela, tenzi za pwani, na vitabu vya Kiingereza.

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha, na kwa miaka 18 alihamishwa kutoka kituo hadi kituo, Pangani kikiwa kimojawapo. Mwaka 1944 alipelekwa bara, Mpwapwa, katika idara iliyoshughulikia mifugo. Mwaka 1946 akarudi Tanga, akatumika katika Ofisi ya Wilaya hadi 1952, kisha katika Ofisi ya Upimaji hadi karibu na mwaka 1960. Hiyo ni miaka 34 ya kuandika barua za watu wengine, kunakili amri ambazo hakuzitoa na kupokea maagizo kutoka kwa maofisa ambao baadhi yao walikuwa wadogo kwake kwa umri, na pengine kwa akili pia. Elimu ya namna hiyo haitolewi na chuo chochote. Humfundisha mtu jinsi serikali inavyozungumza inapotaka kutenda jambo, na jinsi inavyozungumza inapotaka kutolitenda.

Maandishi yake yalizaliwa pembeni mwa kazi hiyo. Mashairi yalitangulia, na diwani ya Pambo la Lugha ilichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 mbali na kwao, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg. Tawasifu yake, Maisha Yangu, nayo ilikuwa imeanza kusomwa. Lakini kuchapisha kitabu cha Kiswahili enzi hizo hakukuwa jambo la mwandishi na msomaji peke yao. Tangu mwaka 1930 palikuwa na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili na kuvipitisha vitabu vilivyofaa kuingia shuleni. Katika miaka yake ya mwanzo, wenye sauti humo walikuwa Wazungu. Shaaban Robert mwenyewe alikuja kuwa mwanachama wake baadaye, lakini alipoanza kuandika alikuwa miongoni mwa waliosubiri kwa hamu jibu la kamati.

Hapo ndipo inapofaa kuuliza kwa nini mtu aliyekaa Tanga, aliyeijua Tanga, na aliyeyaona ya Tanga kila siku, aliamua kuandika juu ya nchi inayoelea angani.

Kusadikika ni kisa cha kesi. Kijana aitwaye Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake. Mshtaki wake ni waziri mkuu, ambaye mwandishi amempa jina la Majivuno na hivyo kumaliza kazi ya kumweleza. Kosa la Karama si wizi, wala si kumwaga damu. Amethubutu kuwafundisha watu elimu ya sheria, ili anayeshtakiwa ajue namna ya kujitetea au apate wa kumtetea. Kwa wakubwa wa Kusadikika hiyo ni hatari kuliko jeshi la adui. Karama anapopewa nafasi ya kusema, hajitetei kwa kukana. Anawasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, jinsi walivyotumwa, walivyoteseka njiani, na jinsi nchi yao ilivyowalipa. Kila akimaliza habari ya mmoja, baraza linajikuta limehukumiwa kidogo zaidi na mtu lililokutana kumhukumu.

Msomaji wa leo aweza kudhani kwamba shitaka dhidi ya Karama ni chumvi ya mtunzi. Haikuwa chumvi. Katika mahakama za wenyeji zilizowekwa na utawala wa Kiingereza Tanganyika, zile ambazo Waafrika wengi walipelekwa, mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Mkulima aliyeitwa mbele ya baraza kwa kodi au kwa shamba alisimama peke yake, akajitetea kwa ulimi wake, na mara nyingi aliyemhukumu ndiye yule yule aliyemtoza. Karani wa Ofisi ya Wilaya hakuwa na haja ya kusafiri hadi angani ili kulijua hilo. Alichofanya ni kulinyanyua kutoka mezani pake na kulipandisha juu, mahali ambapo hakuna bwana shauri ambaye angesimama na kudai kwamba ametukanwa yeye. Kudai hivyo kungekuwa ni kukiri.

Huo ndio ufundi wa kicheko cha Shaaban Robert. Hakuwa mcheshi wa barazani na hakuandika mizaha ya kuvunja mbavu. Lugha yake ni nzito, ya heshima, yenye mizani, kama ya mzee anayetoa wosia. Kicheko chake kimefichwa katika heshima hiyo hiyo. Anawaeleza wakubwa wa Kusadikika kwa adabu kamili, anawapa vyeo vyao vyote na kuyaandika maneno yao bila kuwakatiza, mpaka msomaji mwenyewe anaanza kutabasamu. Majina nayo yanafanya kazi. Sadiki ni kuamini, na Kusadikika ni nchi ya mambo ya kuaminika, ingawa nchi yenyewe haina hata ardhi ya kukanyaga. Mwandishi anaonekana akimwambia msomaji kwamba asiyeamini kuwapo kwa nchi hiyo atazame vizuri pale aliposimama.

Karama anashinda kesi, na wajumbe sita wanatolewa gerezani.

Wasomaji wa Kenya, hasa wa Ukambani, wana sababu ya kuishika idadi hiyo. Kitabu kilitoka mwaka 1951. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na watu sita wakapelekwa Kapenguria kushtakiwa: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng Oneko, Kung'u Karumba na Paul Ngei, kijana wa Kangundo katika wilaya ya Machakos. Aprili 8, 1953 wote sita walitiwa hatiani. Shaaban Robert hakuwa mtabiri, na kulinganisha wajumbe wake na sita wa Kapenguria ni kazi ya waliosoma baadaye. Hata hivyo, aliyekisoma Kusadikika baada ya hukumu hiyo hangeweza kukisoma kama hekaya ya watoto.

Ujanja wa kuipeleka nchi mbali ili iweze kusemwa haukuwa wa Mswahili peke yake. Huko Polandi, askofu Ignacy Krasicki aliandika mwaka 1776 habari za kijana aliyevunjikiwa na chombo baharini akatupwa katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Nipu, ambako watu waliishi kwa busara kuliko alikotoka. Miaka minne kabla ya hapo mataifa makubwa jirani yalikuwa yameanza kuigawana nchi ya askofu huyo kama watu wanaogawana nyama ya mwindo. Karne mbili baadaye, chini ya utawala wa kikomunisti, Wapolandi waliurudia mchezo huo huo. Mwaka 1957 Stanisław Lem alimrusha msafiri wake Ijon Tichy kwenye sayari za mbali zenye upumbavu uliofanana mno na wa nyumbani. Mwaka huo huo Sławomir Mrożek alichapisha kisa kifupi cha bustani ya wanyama isiyokuwa na tembo. Mkurugenzi wake, akitaka kuonekana mbana matumizi, aliagiza atengenezwe tembo wa mpira, akajazwa gesi. Upepo ulipovuma, tembo akapaa mbele ya macho ya wanafunzi waliokuja kujifunza juu ya mnyama mzito kuliko wote wa nchi kavu.

Hakuna dalili kwamba Shaaban Robert aliwajua Wapolandi hao, wala kwamba wao walimjua. Lakini tembo aliyepaa na nchi iliyoelea ni ndugu. Mahali ambapo kusema wazi kuna gharama, watunzi huanza kupenda anga.

Na gharama hiyo ilikuwapo. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining aliwakataza watumishi wa serikali kuwa wanachama wa TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU mwaka uliofuata. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali. Mwaka 1958 Julius Nyerere, aliyekuwa ameuacha ualimu ili afanye siasa, alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika gazeti la Sauti ya TANU, akatozwa faini. Nyerere aliwasema maofisa waliokuwapo, katika nchi iliyokuwapo. Karani wa Tanga alikuwa amekwisha kusema mengi ya aina hiyo miaka saba kabla, na hakuna aliyemwita mahakamani.

Je, huo ulikuwa woga? Swali hilo liliulizwa kwa ukali na wahakiki waliokuja baada yake, hasa katika miaka ya 1970, wakati fasihi ilipotakiwa kubeba bendera. Walimlaumu kwamba watu wake ni malaika watupu au mashetani watupu, na kwamba mafundisho yake yanamlemea msomaji. Walisema pia kwamba mwisho wa visa vyake mfalme hubaki kitini, akiwa ametubu kidogo. Lawama hiyo ina uzito. Karama hashindi kwa sababu wananchi wameamka. Anashinda kwa sababu mfalme amekubali kusikiliza. Anayetafuta mapinduzi katika Kusadikika atatoka mikono mitupu.

Lakini ipo njia nyingine ya kuutazama mwisho huo. Wafalme wa kweli wa mwaka 1951 hawakuwa wakisikiliza. Kumwandika mfalme anayekaa kimya, siku baada ya siku, akimsikiliza mtu mdogo mpaka akubali kwamba serikali yake imekosa, kulikuwa ni kubuni jambo la ajabu kuliko nchi kuelea. Inawezekana kwamba hicho ndicho kichekesho kikubwa cha kitabu kizima, na kwamba mwandishi alikitia humo akijua.

Kabla ya Kusadikika kutoka, alikuwa amekwisha kuandika kisa kingine cha nchi ya mbali. Kufikirika kiliandikwa mwaka 1946, mwaka ule aliporudi Tanga kutoka bara. Humo mfalme mwenye kila kitu amekosa kimoja, mtoto. Anaita waganga wa kila namna: wa mizizi, wa makafara, wa mazinguo, wa hirizi, wa mashetani, na mwishowe wa utabiri. Sehemu hiyo ya waganga ina uchangamfu kuliko kurasa nyingi alizoandika. Kila kundi linaingia na fahari yake na kila moja lina hakika, huku hazina ya nchi ikiendelea kufumbuka. Mtoto anapozaliwa hatimaye, shida inahamia kwenye malezi yake. Mwalimu wake anataka mtoto apate michezo pamoja na masomo, jambo ambalo katika Kufikirika ni kama uasi, na kazi inamponyoka. Baadaye mtoto anaugua, na dawa inayotajwa ni kuchinjwa kwa watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga. Serikali inawatafuta kwa bidii kubwa. Miongoni mwa wanaokamatwa ni yule yule mwalimu, na hoja zake mbele ya mahakama ndizo zinazookoa roho.

Nchi inayowatafuta mwerevu na mjinga ili iwachinje kwa pamoja, bila ya kuwa na kipimo cha kuwatenganisha, haihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote.

Kisa cha tatu, Adili na Nduguze, kilitoka mwaka 1952 kwa kampuni ya Macmillan. Safari hii nchi inaitwa Ughaibu, jina linaloonyesha umbali hata kabla ya kisa kuanza. Mfalme wake, Rai, anajulikana kwa huruma hata kwa wanyama, na ni vigumu kusoma habari hiyo bila kukumbuka kwamba mtunzi alikuwa ametoka kutumika miaka miwili katika idara ya mifugo. Habari inamfikia mfalme kwamba Adili, mtu mwema kwa jina na kwa sifa, huwapiga viboko nyani wawili kila usiku. Nyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya uovu wao. Kiini cha kisa kimetoka katika Alfu Lela Ulela, jambo ambalo wataalamu wamelionyesha, lakini Kiswahili chake ni cha Tanga na kimevaa vizuri kuliko nguo nyingi za kushonewa. Katika mwaka huo huo wa 1952 alichapisha pia tafsiri yake ya rubaiyati za Omar Khayyam wa Uajemi, alizozipata kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald. Hakupata kuvuka bahari kwenda huko. Alisafiri kwa kalamu, naye alirudi kila mara na mzigo.

Nyumbani maisha hayakuwa mepesi. Alioa mara tatu. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki dunia, naye akamtungia shairi la maombolezo ambalo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wamelisoma. Baada yake walikuja Sharifa na kisha Mwanambazi. Alijaliwa watoto kumi, lakini ni watano tu waliokuwa hai alipofariki. Kwa watoto wake aliandika tenzi za wosia, na kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, aliandika barua kwa zaidi ya robo karne. Barua hizo, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilichapishwa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayezisoma hukutana na mtu tofauti na yule wa majukwaani: mtu wa mipango ya fedha, wa hofu juu ya afya, wa kusubiri majibu ya wachapishaji. Vitabu vilivyompa jina havikumpa mali.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Serikali ya kikoloni ilimtunuku nishani ya MBE, na aliitwa katika kamati na mabaraza ya lugha. Kuna jambo la kutabasamisha hapo pia: wakubwa walimpa nishani mtu aliyekuwa amewaandika, na haieleweki kama walikuwa wamekisoma Kusadikika hadi mwisho.

Kadiri uhuru ulivyokaribia, nchi zake zilianza kushuka chini. Mwaka 1958 alitoa wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Siti alikuwa mtu wa kweli, mwenye kijiji na sauti iliyokwisha kunaswa katika sahani za santuri. Katika Utubora Mkulima, mtu mwenye kazi nzuri anaiacha baada ya vita, anakwenda kushika jembe. Siku ya Watenzi Wote inatembea katika mitaa ya pwani ambayo msomaji anaweza kuipita. Wahusika wangali na majina ya sifa na hotuba ndefu, lakini hakuna tena anayeelea. Mtu anaweza kusema kwamba mtunzi alizeeka. Anaweza pia kusema kwamba pazia halikuhitajika tena. Ukweli ni kwamba vitabu hivyo vya karibu havina makali ya vile vya mbali. Alipoweza kusema wazi alihubiri zaidi na kucheka kidogo, na msomaji wa kawaida, akipewa nafasi ya kuchagua, hurudi kwenye baraza la Majivuno.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Shaaban Robert aliuishi kwa miezi sita hivi. Alifariki Tanga mwezi wa Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Vibambani, kijiji alichozaliwa.

Huko Dar es Salaam barabara na shule ya sekondari zimepewa jina lake. Euphrase Kezilahabi, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa riwaya, alimfanyia utafiti katika chuo kikuu miaka ya 1970 na hakumwonea haya. Kenya nayo ilimpata mrithi wa nchi za mbali katika Katama Mkangi, mwanasosholojia wa kutoka pwani aliyewekwa kizuizini bila kesi miaka ya 1980. Mwaka 1995 Mkangi alichapisha Walenisi, riwaya ambayo mhusika wake aliyehukumiwa anarushwa kwenda sayari ngeni. Jina la sayari hiyo, likikatwa vipande, linasema kwamba wale ni sisi. Shaaban Robert angelielewa mara moja.

Mengi ya maandishi yake yalitoka baada ya kifo. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye takriban beti 3,000 juu ya Vita Vikuu vya Pili, ulichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilifuata mwaka 1968. Kufikirika, chenye waganga wake, mwalimu wake na kile kisu kilichomngojea mwerevu na mjinga, kilikaa miaka 21 kikisubiri. Kilichapishwa Nairobi mwaka 1967 na Oxford University Press. Karani aliyekiandika alikuwa amelala Vibambani kwa miaka mitano.